Tuanze na Visima

Vijana wenzangu, nani kasahau giza la Unguja? Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu hakuna umeme kutoka bara. Mabomba nayo yakakauka, maana pampu zinakula umeme huohuo.

2013 tukaletewa waya mpya wa baharini, megawati 100. Sawa, lakini bado roho yetu iko kwenye waya.

Mimi nasema sera ya nishati ianze na visima. Sola ivute maji mchana, tangi lihifadhi ya usiku. Hata betri kubwa hazihitajiki. Serikali itutajie kwenye bajeti: visima vingapi, vya wapi, lini?

Jua halipiti chini ya bahari. Mama zetu wasirudi kubeba ndoo kwa sababu ya waya.