Punguzo la tiketi liheshimiwe mlangoni

Mhariri,

Naomba nafasi niwasute waandaaji wa michezo ya kuigiza wanaotangaza tiketi za bei nafuu kisha wakaikana bei hiyo mlangoni.

Majuzi nilimpeleka binti yangu, mwanafunzi wa sekondari, kutazama tamthilia ya nyimbo Nairobi. Nililipa mapema kwa M-Pesa, bei ya wanafunzi kama tangazo lilivyosema. Kufika mlangoni, naambiwa viti vya punguzo vimekwisha, niongeze pesa au turudi. Turudi wapi, na tumesafiri kutwa kwa basi? Nikaongeza. Onyesho lenyewe lilikuwa tamu ajabu, bendi ikipiga pale pale jukwaani, na binti yangu aliimba hadi tukafika nyumbani. Ndiyo maana nimeudhika: wasanii hodari vile hawastahili kuharibiwa jina na wauza tiketi.

Tena, kwa nini lazima tamthilia kama hizi tuzifuate Nairobi? Ngaahika Ndeenda, mchezo uliojaa nyimbo, uliigizwa na wakulima na wafanyakazi kijijini Kamirithu, Limuru, mwaka 1977. Nasi tuna ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa yahitaji kulindwa kwa dharura. Tamthilia ingeilinda kuliko hotuba.

Waandaaji, andikeni masharti yote ya punguzo kwenye tangazo. Nao wahusika wa utamaduni katika Kaunti ya Kakamega watujibu kupitia gazeti hili: ni lini watatuletea maonyesho haya, kwa bei anayoimudu mwanafunzi?

Mpenzi wa maigizo,
Kakamega