Mkono usioinua jembe nao ni ulemavu

Wifi yangu hulima ekari mbili za mahindi upande wa Kiminini, si mbali na mji wa Kitale, na siku za soko huuza maharagwe kwa gorogoro. Miaka mitatu iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kansa, akaondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Titi lilipona kidonda, lakini mkono haukupona. Ulivimba kutoka begani hadi vidoleni, ukawa mzito kama gogo, na hadi leo hawezi kuuinua kupita bega. Jembe halishiki. Maji huchotewa na watoto wa jirani.

Mwaka jana alikwenda katika hospitali moja ya serikali kuomba apimwe ili aandikishwe kuwa mtu mwenye ulemavu. Aliyempokea dirishani alimtazama kutoka utosini hadi miguuni, kisha akamwambia: "Mama, una mikono miwili na miguu miwili. Wewe ni mgonjwa, si kilema. Rudi nyumbani." Akarudi. Hakuna daktari hata mmoja aliyemwona siku hiyo.

Msomaji wangu, nataka tuyapime maneno hayo, kwa sababu akina mama wengi wamerudishwa nyumbani na maneno kama hayo. Je, ni kweli kwamba mgonjwa wa kansa hawezi kuhesabiwa kuwa mtu mwenye ulemavu?

Kansa ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Mwaka wa 2022 ilikadiriwa kwamba zaidi ya wanawake 7,000 walipatikana nayo. Mama akiugua, sisi huuliza kama atapona au atakufa. Ni wachache wanaouliza atakula nini akishapona.

Tezi za kwapani ndizo zinazosaidia kupitisha maji ya mwilini yanayotoka mkononi. Zikiondolewa, au zikichomwa kwa miale, maji hayo hukosa njia na mkono huvimba. Uvimbe huo huweza kuanza miezi michache au hata miaka kadhaa baada ya matibabu, na uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali unaonyesha kwamba huwapata karibu mwanamke 1 kati ya kila 5 waliotibiwa. Huweza kupunguzwa kwa mazoezi, kwa kukandwa na kwa kufungwa bandeji maalumu, lakini mara nyingi hauishi kabisa. Wapo pia ambao dawa za kansa huwaacha na ganzi vidoleni, wasiweze kufunga kifungo wala kushika sindano. Na kansa ikienea hadi kwenye mifupa, hata kutembea huweza kuwa kazi.

Sheria inasemaje

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 260, inaeleza maana ya ulemavu. Haisemi juu ya miguu na macho peke yake. Inataja pia hali au ugonjwa ambao unaathiri kwa kiasi kikubwa, au kwa muda mrefu, uwezo wa mtu wa kufanya shughuli zake za kila siku. Neno "ugonjwa" limo ndani ya Katiba. Basi yule wa dirishani hakuwa na haki ya kusema kwamba mgonjwa si mlemavu. Mtu anaweza kuwa yote mawili.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Jina la ugonjwa pekee halitoshi. Mama aliyegunduliwa mapema, akatibiwa na kurudi kazini akiwa na nguvu zake, hawezi kudai kwamba ni mlemavu kwa sababu tu kansa iliandikwa katika faili yake. Kinachopimwa ni kile ambacho ugonjwa na matibabu yamemwachia.

Nchi nyingine zimetafuta njia zao. Uingereza, tangu Desemba 2005, humhesabu mtu mwenye kansa kuwa mlemavu tangu siku anapoambiwa anayo, ili asibaguliwe kazini. Lakini hata huko, anayetaka pesa za serikali hupimwa uwezo wake. Marekani, tangu mwaka wa 2008, ina utaratibu wa kuharakisha maombi ya wenye magonjwa makali, na kansa ya matiti iliyoenea mbali mwilini ni mojawapo. Sisi tumechagua kupima. Ni sawa, lakini basi tupime kweli, tusimhukumu mtu dirishani.

Anayepata na anayekosa

Kutoka Kiminini, ukifuata barabara ya Kamukuywa na Webuye, unafika Bungoma. Huko namfahamu mwalimu mmoja aliyepatwa na uvimbe kama wa wifi yangu. Yeye aliambiwa na mwalimu mwenzake juu ya haki hizi. Alipimwa, akaandikishwa, kisha akapata cheti cha kusamehewa kodi ya mapato. Mwenye cheti hicho hatozwi kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya kila mwezi, na mshahara wake haufiki hapo. Nafuu hiyo ndiyo humlipia nauli ya kliniki.

Sasa mrudie wifi yangu. Msamaha wa kodi utamfaa nini mtu asiye na mshahara? Iko pia ile pesa ya Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo ni ya familia maskini zenye mtu anayehitaji kutunzwa na mwingine wakati wote. Wifi yangu hujilisha na kujiosha mwenyewe, kwa shida lakini huweza. Kwa kipimo hicho, hajalemaa vya kutosha.

Mtu atauliza: je, bima ya afya? Ni kweli kwamba Oktoba 2025 serikali ilitangaza kupandisha kiwango cha matibabu ya kansa kutoka shilingi 550,000 hadi 800,000 kwa familia kwa mwaka. Hilo ni jema na tunashukuru. Lakini pesa hizo huenda hospitalini. Hazinunui unga, wala hazimlipi kibarua wa kupalilia shamba ambalo mwenyewe halimi tena. Wala hazimpi mgonjwa nauli ya matatu kutoka Kitale hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, mwendo wa karibu kilomita 70.

Hata aliyeajiriwa hana raha. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamhakikishia mfanyakazi siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na siku 7 kwa nusu malipo kwa mwaka. Mwajiri anaweza kuongeza akipenda. Matibabu ya dawa za kansa huchukua miezi. Siku 14 ni kitu gani?

Serikali itasema kwamba hazina ni ndogo na wadanganyifu ni wengi. Sikatai. Lakini mkono uliovimba hauwezi kughushiwa. Hupimwa kwa utepe wa fundi cherehani.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, hospitali inayomwondolea mama titi imwambie, kabla hajatoka wodini, kwamba mkono wake ukilemaa kuna mahali pa kwenda. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini atainamaje yule ambaye hajaonyeshwa mvungu ulipo? Pili, madaktari wanaopima wamuulize mama kazi yake. Mkono ambao karani anaweza kuuvumilia ofisini unaweza kumfilisi mkulima wa Trans Nzoia. Tatu, uwepo msaada wa kati kwa yule ambaye hana mshahara wa kusamehewa kodi na pia hajafika hali ya kulishwa kwa kijiko. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ilitiwa saini Mei 2025 mahali pa ile ya 2003. Huu ndio wakati wa kulijadili jambo hili, kabla mazoea ya zamani hayajahamia katika sheria mpya.

La kufanya sasa

Nawe dada unayesoma haya ukiwa na mkono kama huo, usingoje. Muone daktari aliyekupasua au wa kliniki yako na umwombe barua. Barua hiyo isiseme tu kwamba una kansa. Iseme mkono unainuka hadi wapi, umevimba kiasi gani ukilinganishwa na mwenzake, una nguvu kiasi gani za kushika, na ni kazi gani huwezi kuifanya tena. Beba karatasi za upasuaji. Kisha nenda katika hospitali ya serikali yenye kamati ya kupima ulemavu. Ripoti ikikubaliwa, ndipo uandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina maafisa katika kaunti. Ukiwa mwanachama wa NSSF na huwezi kabisa kufanya kazi tena, uliza pia juu ya mafao ya ulemavu. Ukirudishwa mlangoni, omba jibu kwa maandishi. Mwenye kukuzuia kwa mdomo mara nyingi husita akipewa kalamu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza wifi yangu kwa mara ya pili, barua mkononi. Yule wa dirishani alianza tena na habari ya mikono miwili. Wifi yangu hakubishana naye. Alivuta mkono wa sweta, akauweka mkono ule juu ya kaunta, akaweka na wa pili kando yake.

Tuliingia ndani. Madaktari walimpima kwa karibu saa nzima, na mmoja alimuuliza analima ekari ngapi. Majibu bado hatujapata. Lakini kwa mara ya kwanza, mtu alimuuliza juu ya jembe.