Zimwi lisilomjua mtu halitishi

Kila sehemu ya Cabinet of Curiosities huanza kwa namna moja. Guillermo del Toro, mwongozaji wa Mexico ambaye filamu yake ya The Shape of Water iling'ara kwenye tuzo za Oscar mwaka 2018, anajitokeza gizani na kusimama kando ya kabati kubwa la mbao. Anavuta droo, anatoa kitu kinachohusu kisa kinachofuata, kisha anaweka pembeni yake kinyago kidogo cha mwongozaji na kumtaja kwa jina. Baada ya hapo anaondoka na kuwaachia wengine kazi ya kutisha.

Netflix ilitoa sehemu zote nane ndani ya siku nne, mbili kila siku, kuanzia tarehe 25 Oktoba 2022. Waongozaji ni wanane na visa ni vinane, na mhusika wa kisa kimoja haonekani katika kingine. Tamthilia ya namna hii haikwepi kupangwa: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho? Watazamaji wengi hupima kwa damu iliyomwagika na kwa ukubwa wa dubwana. Kwa kipimo hicho, nusu ya hazina iliyomo katika kabati hili hupotea.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo husemwa kwa kufariji: heri udhurike mikononi mwa anayekufahamu. Katika visa vya kutisha mambo hugeuka. Zimwi linalomjua mtu ndilo la kuogopwa zaidi, kwa kuwa linajua panapomuuma. Lisilomjua linashtua tu, na mshtuko huisha kabla chai haijapoa.

Kwa kipimo hiki cha zimwi linalomjua mtu, nafasi ya nane ni ya Dreams in the Witch House, iliyoongozwa na Catherine Hardwicke kutokana na kisa cha H. P. Lovecraft kilichochapishwa mwaka 1933. Katika kisa chenyewe, Walter Gilman ni mwanafunzi wa hisabati anayesumbuliwa na pembe za ajabu za chumba alichopanga. Katika tamthilia, Gilman, anayeigizwa na Rupert Grint, amekuwa mtu anayemtafuta dada yake pacha aliyekufa wakiwa watoto. Uchungu upo, mchawi yupo, na panya mwenye uso wa binadamu yupo, lakini havijuani. Mchawi ana shughuli zake na Gilman ana msiba wake, na vitu hivyo viwili vinapishana kama wageni kwenye ngazi.

Ya saba, Pickman's Model ya Keith Thomas, nayo imetoka kwa Lovecraft, na kosa lake ni jingine. Kisa hicho cha mwaka 1927 kinahusu mchoraji ambaye picha zake zinatia kichaa, na nguvu yake yote ni kwamba msomaji hazioni. Kamera haikuweza kuvumilia. Inazionyesha, inazirudia, na kila zinaporudi zinazidi kuwa rangi tu juu ya kitambaa.

The Viewing ya Panos Cosmatos inashika nafasi ya sita. Ni mwaka 1979, na tajiri mmoja amewaalika wageni wanne mashuhuri kuja kuona jiwe la ajabu nyumbani kwake. Rangi zake na muziki wake havina mfano katika sehemu nyingine, na Peter Weller, kama mwenye nyumba, anavutia kila anapofungua mdomo. Lakini wageni hao wangeweza kuwa watu wengine wowote, na kilichomo ndani ya jiwe kisingejali. Graveyard Rats ya Vincenzo Natali inaipita kwa hatua moja. Masson anaiba vito vya maiti makaburini, na panya wanamwibia hao maiti kabla hajawafikia. Anapotambaa kuwafuata ndani ya mashimo membamba chini ya ardhi, tamaa yake na adhabu yake vimekuwa njia moja.

Lot 36, ya Guillermo Navarro, ni ya nne. Nick Appleton hununua kwa mnada mizigo iliyotelekezwa kwenye vyumba vya kukodi. Ana madeni na ana chuki na wahamiaji. Mama mmoja mhamiaji anamsihi amrudishie vitu vyake, ambavyo kwa mnunuzi havina thamani yoyote, naye anamfukuza. Pepo anatokea baadaye, wa kutisha kweli, lakini hukumu haitoki kwake. Nick anapokimbia kuokoa roho yake, aliyeko upande wa pili wa mlango ni mama yule.

Hapa ndipo tamthilia inapopanda ngazi. Katika The Outside, iliyoongozwa na Ana Lily Amirpour, Stacey ni mfanyakazi wa benki ambaye kazi anayoipenda ni kukausha wanyama na kuwajaza. Kwenye sherehe ya Krismasi anampelekea mwenzake bata aliyemtengeneza kwa mikono yake. Wenzake wao wanapeana losheni ya bei kubwa. Anaipaka, ngozi inawasha na kuwa nyekundu. Mumewe anamwambia anapendeza alivyo. Runinga inamwambia aongeze.

Mtazamaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kufafanuliwa. Losheni ya Stacey si ya kung'arisha ngozi, lakini mantiki yake ni ileile ya mkorogo: ikiunguza, wanasema ndiyo inafanya kazi. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado vinauzwa kwa siri. Amirpour hakuhitaji jini la kuzimu. Zimwi lake limo ndani ya chupa, na linamjua Stacey kuliko mumewe anavyomjua.

Ya pili ni The Murmuring, iliyoandikwa na kuongozwa na Jennifer Kent kutokana na kisa cha del Toro mwenyewe. Mwaka 1951, Nancy na Edgar, mume na mke wanaochunguza ndege, wanahamia kwenye nyumba ya upweke kurekodi makundi ya ndege. Wamefiwa na mtoto wao mchanga, Ava, na Nancy hataki jina hilo litajwe. Usiku anasikia sauti za mama na mtoto waliowahi kuishi humo. Essie Davis anaigiza kwa shingo na mabega: kila Edgar anapokaribia kumzungumzia mtoto, mwili wake unakakamaa kabla hajajibu. Mizimu ya nyumba hiyo haikuja kumdhuru. Imekuja na msiba unaofanana na wake, na hilo ndilo asiloweza kulivumilia.

Ni vigumu kuishusha sehemu hiyo, na watakaoipa taji wana haki yao. Inashindwa kwa kitu kimoja tu: Nancy anasaidiwa na mizimu, ilhali mzee wa The Autopsy hana wa kumsaidia.

David Prior ameongoza sehemu hii kutokana na kisa cha Michael Shea cha mwaka 1980. F. Murray Abraham ni daktari Carl Winters, mgonjwa wa saratani anayeitwa na rafiki yake kupasua maiti za wachimba madini. Anafanya kazi peke yake usiku, akieleza kila anachokiona mbele ya kinasa sauti. Kisha maiti mmoja anaamka. Kiumbe kilichomo ndani yake kinahitaji mwili mpya, nacho kinajigamba kwa daktari, kikimweleza kitakavyouingia mwili wake na kutumia macho na masikio yake kama mali yake.

Kimechagua vibaya. Winters amekwisha kuishi na kitu kinachomla kutoka ndani, na anaujua mwili wa binadamu kama fundi anavyojua saa. Anashika kisu cha kupasulia na kuanza kuharibu, kimoja kimoja, kila kitu ambacho mgeni huyo amekuja kukifuata. Hakuna muziki mkubwa wala mayowe mengi. Kuna mzee, meza, taa, na kinasa sauti ambacho hakuna aliyekumbuka kukizima.