Vali mbovu kiwandani ni mzigo wa hospitali

Kila asubuhi wakulima kuanzia Othaya na Mukurwe-ini hadi Kieni hupeleka maziwa kwenye vituo vya ukusanyaji. Maziwa hayo yakikaa saa chache bila kupozwa huganda, na jasho la mkulima humwagika pamoja nayo. Ndiyo sababu eneo letu la Mlima Kenya lina mitambo mingi ya baridi. Kuna ya maziwa kama vile Kiganjo, ya soda mjini Nyeri, ya nyama, na ya maua na mboga zinazopelekwa ng'ambo kutoka Nanyuki na Timau.

Sote tunafaidika na baridi hiyo. Ni wachache, hata hivyo, wanaouliza ni kitu gani kinachozunguka ndani ya mabomba. Matangi madogo ya vituo vya maziwa kwa kawaida hutumia gesi za jamii ya friji ya nyumbani. Katika viwanda vikubwa vya vyakula, mahali pengi duniani, hutumika amonia. Ni gesi ileile inayokuwasha pua uingiapo katika banda la kuku lisilosafishwa. Tofauti ni kwamba bandani kuna chembe tu, ilhali kiwandani huweza kuwa na tani kadhaa, zimeshinikizwa hadi zikawa kiowevu.

Siipingi amonia. Hupoza vizuri, bei yake ni nafuu na haiharibu tabaka la ozoni. Ninachopinga ni desturi ya kuienzi kompresa na kuisahau vali ya kufungia, ile koki nene ya chuma inayozuia gesi kupita. Kwa maoni yangu vali hiyo ni chombo cha afya sawa na dawa iliyo kabatini mwangu, na mwenye kiwanda asiyeitunza anawakopesha wafanyakazi wake na hospitali zetu deni ambalo huenda lisilipike.

Hakuna dawa ya kuiondoa

Amonia hupenda maji. Ikitoroka hutafuta sehemu za mwili zenye unyevu: macho, pua, koo, mapafu, kwapa na kinena. Ikikutana na unyevu hugeuka kuwa kemikali kali kama magadi ya kutengenezea sabuni. Asidi ikichoma ngozi mara nyingi hujizibia njia kwa kigaga. Amonia haina kigaga. Huyeyusha nyama na kuendelea kuzama, na katika jicho huweza kufika ndani kwa dakika chache. Isitoshe, kiowevu chake huchemka katika nyuzi 33 chini ya sufuri, hivyo kikimwagikia mtu humchoma kwa kemikali na kwa baridi kwa wakati mmoja.

Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanashauri mfanyakazi asivute hewa yenye zaidi ya sehemu 25 za amonia kwa milioni katika zamu ya saa nane. Ikifika 300 ni hatari kwa maisha, na mtu asiye na kifaa cha kupumulia aondoke mara moja. Kwa maelfu, koo hufunga na mapafu hujaa maji.

Msomaji atauliza sisi madaktari tunafanya nini. Hatuna dawa ya kuifuta amonia mwilini. Tunaosha macho kwa maji mengi, tunatoa oksijeni, na koo likivimba tunapitisha mpira ili hewa ipite. Baada ya hapo tunangoja. Kitanda cha wagonjwa mahututi hakipatikani katika kila mji. Kwa hiyo maisha ya mgonjwa huamuliwa kabla hajafika kwetu, na dakika ile ya kwanza ni ya vali.

Kuifunga mahali panapofaa

Vali ya kufungia ina kazi mbili. Humwezesha fundi kutenga sehemu moja ya mtambo na kuitengeneza, na bomba linapopasuka huikata gesi isiendelee kutoka. Haiwezi kufanya kazi hizo ikiwa imewekwa ovyo.

Mshale uliochorwa kwenye mwili wa vali ufuate njia ya amonia. Ufito wake ulale au uelekee juu, usielekee chini. Takataka za kuchomelea ziondolewe kabla ya mtambo kujazwa, kwa sababu chembe moja ya chuma huzuia vali kuziba. Iwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuifikia bila kutafuta ngazi na bila kupita katikati ya wingu la gesi. Kila vali iwe na kibao cha nambari kinacholingana na mchoro uliobandikwa nje ya chumba cha mitambo. Mchoro uliofungiwa katika ofisi ya meneja haumsaidii mtu wa zamu ya usiku.

Yako makosa mawili makubwa ambayo kila mwenye kiwanda anapaswa kuyajua. La kwanza ni kuweka vali inayoweza kumkatia tangi vali yake ya usalama, ile inayopumua shinikizo likizidi. La pili ni kufunga vali mbili na kuacha kiowevu baridi kimenaswa kati yake. Kikipata joto hupanuka, na kwa vile hakina pa kwenda, hupasua bomba.

Usipoziba ufa

Vali isiyozungushwa hushika kutu, na siku ya msiba haigeuki. Izungushwe kwa ratiba, polepole, na fundi anayejua kila moja inalisha wapi. Pakini inayozunguka ufito huchakaa na kuanza kupenyeza harufu. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba harufu kidogo ni kawaida ya kiwanda. Si kawaida. Harufu hiyo ni dalili, na kama homa, hutuambia kuna ugonjwa mahali. Kifuniko cha ufito kirudishwe kila baada ya kazi ili unyevu usiingie na mkono usiohusika usiiguse. Ganda la kuzuia joto nalo likaguliwe, maana kutu hujificha chini yake kwa miaka.

Vali ikigoma, usiongeze urefu wa spana kwa kipande cha bomba. Nguvu hiyo hukata ufito au kuharibu kikalio chake, na kilichokuwa ukarabati mdogo hugeuka kuwa ajali.

Kazi inayonitia hofu zaidi ni ya kumwaga mafuta. Mafuta ya kompresa ni mazito kuliko amonia, hivyo huzama chini ya tangi na lazima yatolewe. Yakiwa baridi hutoka kwa uzito kama asali. Fundi hufungua vali zaidi, mara mafuta huisha na amonia kumrukia usoni. Kwa sababu hiyo pahitajika vali mbili zinazofuatana: ya kawaida, na nyingine yenye springi inayojifunga yenyewe mkono unapoachia. Anayeifunga hiyo ya springi kwa waya ili apumzishe mkono amemfukuza mlinzi wake wa mwisho.

Yaliyowapata wengine

Tusidhani mambo haya ni ya kubuni. Mnamo Agosti 31, 2013, watu 15 walikufa katika ghala la baridi mjini Shanghai, China, baada ya kifuniko cha mwisho wa bomba la amonia kung'oka.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Agosti 23, 2010, ghala moja huko Theodore, jimbo la Alabama, Marekani, lilipoteza zaidi ya tani 14 za amonia. Stima ilikuwa imepotea, na iliporudi gesi moto iliingia penye kiowevu baridi na bomba likapasuka kwa mshtuko. Zaidi ya watu 150 waliokuwa nje ya ghala walisema wamedhurika, na 32 kati yao walilazwa hospitalini. Bodi inayochunguza ajali za kemikali nchini humo ilieleza kwamba watu walijaribu kufunga vali mtambo ukiendelea kwenda, badala ya kubonyeza kwanza kitufe cha kusimamisha kila kitu. Funzo hilo ni letu pia. Stima hupotea hapa, hasa mvua inaponyesha. Mtambo usimamishwe kwanza, kisha vali ifungwe na mtu aliyevaa kifaa cha kupumulia.

Wajibu wa kila mmoja

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi. Ningependa kamati hizo ziwe na orodha ya vali zote, tarehe ambayo kila moja ilikaguliwa mara ya mwisho, na jina la aliyeikagua. Kibarua wa siku moja asiambiwe tu "zungusha hapo". Maafisa wa usalama kazini nao waione orodha hiyo, na hospitali iliyo karibu pamoja na wazima moto wajue ni amonia kiasi gani iliyo ndani ya ua.

Kwa wafanyakazi na majirani, haya machache yanatosha. Amonia inayotoroka huweza kutambaa chini kama wingu jeupe. Asubuhi ya Julai, Kiganjo au Kieni, mgeni atadhani ni ukungu. Kimbia ukikatiza upepo, usikimbie mbele yake. Jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa dakika 15 au zaidi, kabla ya kutafuta gari. Nguo zilizolowa zivuliwe. Zikiwa zimegandia ngozini, zimwagiwe maji kwanza. Usipake dawa ya meno wala siki.

Na maziwa je? Katika nchi ya maziwa kama yetu, aliyevuta gesi hupewa kikombe haraka. Maziwa huenda tumboni. Amonia iko mapafuni. Mtu ambaye koo limeanza kuvimba anaweza kupaliwa nayo. Mleteni hospitalini hata kama anasema amepata nafuu, kwa kuwa mapafu huweza kujaa maji saa nyingi baadaye, na mtuambie mlangoni kwamba ni amonia.

Wenye viwanda watasema kusimamisha mtambo ili kubadilisha vali ni hasara ya siku nzima. Ni kweli, lakini hasara hiyo hupangwa. Jicho lililopofuka halipangwi, na hakuna fundi katika Nyeri, Nairobi wala ng'ambo anayeweza kulirudisha kama lilivyokuwa. Juma hili kila meneja na amwite fundi wake amwulize vali tatu tu: zilizungushwa lini, zinafunga kabisa, na nani wa zamu ya usiku anayejua zilipo.