Shawa ya Umeme: Msiyaamini Maneno Haya

Ukarabati wa bafu ukianza, mwenye nyumba huambiwa mengi kuhusu shawa ya umeme, na baadhi ya wasemaji ni mafundi wa miaka mingi. Nayajibu kwa sababu bafuni mtu husimama peku, mwili umelowa, na ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi.

"Tutavuta waya kutoka soketi ya karibu." Hapana. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wa volti 240 hula karibu ampea 23. Plagi ya kawaida ina fyuzi ya ampea 13, na soketi nyingi za nyumbani hulishwa na waya wa milimita za mraba 2.5. Tena umeme unaopita ukizidi maradufu, joto ndani ya waya huwa mara nne, na waya uliofukiwa ukutani hakuna atakayeuona ukibabuka. Shawa inataka njia yake peke yake kutoka boksi kuu, kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 6, au 10 ikiwa bafu liko mbali. Wakati wa kuupitisha ni sasa, kabla ya plasta na vigae.

"Brekya ikikatakata, weka kubwa." Brekya hulinda waya. Ukiweka ya ampea 40 kwenye waya wa 2.5, waya utaungua kabla brekya haijakata.

"Athi ya nini, na mabomba ni ya plastiki?" Hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Bomba ni la plastiki, lakini maji hayaachi kupitisha umeme. Katika shawa nyingi za bei nafuu, koili ya kupasha joto imo ndani ya maji yenyewe bila kifuniko, na maji ya visima vya pwani, kwa chumvi yake, hupitisha umeme vizuri zaidi. Waya wa athi ndio unaoupeleka umeme huo ardhini badala ya kumpitia anayeoga. Kwa maji ya chumvi, nunua shawa iliyotengenezewa maji hayo. Wala fundi asiunge athi kwenye nyutro ndani ya shawa: nyutro ikikatika, maji yenyewe yatabeba umeme.

"Brekya ipo, huwezi kupigwa." Unaweza kufa. Ampea 0.1 ikipita kifuani yatosha kuua, na brekya ya ampea 32 haiitambui. Inayoitambua ni RCD ya miliampea 30, ambayo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, kisha hukata kabla sekunde haijatimia.

Swichi nayo iwe nje ya bafu, na ikate nyaya zote mbili, wa moto na wa nyutro.

Kabla kigae cha kwanza hakijabandikwa, mwombe fundi leseni yake, ya EPRA ukiwa Kenya au ya EWURA ukiwa Tanzania, na aipime athi mbele yako. Akikataa, tafuta mwingine.