Vijana wa Shika Adabu, mashine mnayoisubiri mnaweza kuiunda

Wacha tuongee ukweli, msomaji. Likoni haina uhaba wa mafundi. Ukitoka feri ukaifuata barabara ya Lunga Lunga mpaka Shika Adabu, utapita wachomeleaji wa mageti, mafundi wa tuktuk, wa boda na wa pampu za maji. Ukibahatika, utamkuta na mwenye lethi ndogo ya mezani, ile ambayo wenzetu wa ng'ambo huinunua kwa kujifurahisha tu wikendi.

Sasa tuseme shafti ya pampu imekatika. Huyo fundi wa lethi anachukua chuma, anakikereza mpaka kinafika kipimo na kung'aa. Halafu anakwama. Puli haikai kwenye shafti bila ule mfereji mwembamba unaoingia kii, kile kipande cha chuma kinachozuia puli isijizungukie peke yake. Lethi tupu haichongi mfereji huo, kwa sababu yenyewe huzungusha chuma huku kisu kimetulia, na mfereji unataka kinyume chake: chuma kitulie, kisu kizunguke. Basi shafti inaingia kwenye mfuko, inapanda feri, inaenda kutafuta mwenye mashine ya milingi. Mfereji wa sentimita tatu umekula nauli, umekula siku, na faida imebaki ng'ambo.

Mimi nasema hivi: kijana mwenye lethi, au anayeweza kuifikia ya chuoni, asisubiri kununua milingi. Ajiundie spindeli yenye mota, aifunge pale pale kisu cha lethi kinapokaa. Si ndoto. Ni kazi ya mikono ya wiki chache, na sehemu zake nyingi zipo kwa wauza vyuma chakavu na maduka ya vipuri.

Hebu tuitazame. Spindeli ni mhimili unaozunguka ukiwa umeshika kisu. Unahitaji kipande cha chuma au alumini ya nguvu, utakachokitoboa kwa lethi yako yenyewe. Ndani yake zinaingia beringi mbili, tuseme namba 6202, ambayo tundu lake ni milimita 15 na upana wake wa nje ni milimita 35. Mhimili wa milimita 15 unapita katikati, na nati ya nyuma inazikaza beringi kiasi mhimili usicheze. Mbele unaweka koleti ya kushika kisu. Koleti ya ER16 hushika mpaka milimita 10, na kwa lethi ndogo hiyo inatosha kabisa.

Mota je? Hapa ndo wengi hukimbilia grainda. Usifanye hivyo. Grainda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Kisu cha kawaida cha milimita 6 kwenye chuma laini kinataka kama mara 1,300 tu. Hesabu yake si ya chuo kikuu: chukua mita 25 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya kisu hicho kwenye chuma laini, zidisha kwa 1,000, kisha gawanya kwa 3.14 mara upana wa kisu kwa milimita. Ukikipeleka kwa kasi ya grainda, kitageuka rangi na kufa kabla hujafuta jasho. Tafuta mota ya pampu kuukuu. Nyingi huzunguka karibu mara 2,800. Funga puli ya milimita 40 kwenye mota na ya milimita 80 kwenye spindeli, na mkanda utakushusha mpaka 1,400. Umeshafika.

Ukitaka kuchonga mfereji, izuie lethi isizunguke, na uchomoe kabisa waya wa mota yake. Panga kisu kilale usawa wa katikati ya shafti, kikiielekea kutoka ubavuni. Shafti ya milimita 20 huchukua kii ya milimita 6, na mfereji wake huenda chini milimita 3.5. Usiile kwa pupa. Lethi ndogo haina ubavu wa milingi ya tani moja, kwa hiyo kula milimita 0.2 kila safari. Na ukiweka giya ya meno 60 nyuma ya mhimili mkuu wa lethi, ukaisogeza meno kumi kumi, una pande sita zilizolingana. Kichwa cha bolti kimezaliwa mkononi mwako.

Najua utaniambia nini. Kwanza, "Wazee wetu walichonga mfereji kwa patasi na tupa." Kweli, na wapo wanaoweza hata leo, heshima yao. Lakini shafti moja kwa tupa ni ustadi, shafti kumi ni mateso, na mteja wa kumi hatakungoja.

Pili, "Si bora ninunue tu?" Ukiwa na hela, nunua, nani atakukataza? Ila jiulize, utakuwa umejua nini siku hiyo mashine itakapoharibika? Aliyetoboa nyumba ya beringi kwa mkono wake anajua kwa nini mashine inatetemeka. Ameshapima mpaka mhimili ukazunguka bila kuyumba zaidi ya milimita 0.02, na unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo. Jina la mtaa wetu linatuambia tushike adabu, na chuma nacho kina adabu yake: kinataka kipimo, si makadirio ya macho.

Tatu, "Mambo haya ni ya Wazungu." Hapana, mwanangu. Fungua kamusi ya Kiswahili utafute neno keezo, kisha utafute kukereza. Lugha haitungi jina la mashine isiyoijua. Miguu ya vitanda vya Kiswahili, ile ya duara yenye mikunjo, ilikerezwa na mafundi wa pwani hii kabla nguzo ya umeme haijasimama. Sisi ni wajukuu wa wakereza, na mjukuu haoni haya kushika kazi ya babu.

Kule Marekani, mtu mmoja, David Gingery, alianza kutoa vitabu mwaka 1980 vinavyomfundisha mtu wa kawaida kuyeyusha alumini kwa mkaa, kisha kujiundia lethi kutokana na vyuma chakavu, kisha kuitumia lethi hiyo kuunda mashine nyingine. Watu wakamfuata, wakaunda kweli. Sasa niambie, mkaa na vyuma chakavu ndivyo vimetushinda Likoni?

Na hapa kwetu Kenya kuna somo tusilotaka kulikumbuka. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kikenya. Magari matano ya mfano yakaundwa, yakaitwa Nyayo Pioneer, na mwaka 1990 yakazinduliwa. Pesa ikakosekana, hayakuwahi kuuzwa. Lakini mradi ule ulizaa kampuni ya kuchonga vipuri, Numerical Machining Complex. Ona mpangilio wake: walianza na gari, ndipo ikadhihirika kwamba nyuma ya gari kuna mashine zinazochonga sehemu zake. Taifa linaloruka hatua hiyo litaendelea kuagiza hata bolti.

Kwa nini nalia na hili sasa? Kwa sababu Dongo Kundu iko hapa hapa Likoni, na eneo maalum la kiuchumi linajengwa. Viwanda vikifungua milango, vitahitaji wabeba mizigo na walinzi, hilo halina shaka. Vitahitaji pia watu wa kutengeneza shafti iliyokatika saa nane za usiku. Kazi ya kwanza itamwendea yeyote aliye karibu. Hiyo ya pili itamwendea anayejua kipimo, hata akitoka mbali. Tusije tukaandamana kwamba wageni wametunyang'anya kazi ambayo hatukujifunza.

Kwa hiyo, wewe kijana, tafuta wenzako watatu. Mmoja anajua umeme, mmoja anachomelea, mmoja ana subira ya kupima. Changeni kama mnavyochanga za chama. Wakuu wa vyuo vya ufundi nao wafungue karakana jioni, maana lethi inayofunikwa turubai saa kumi haimfundishi mtu. Mkishaunda, nendeni mkafanye mtihani wa NITA, mikono yenu ipate karatasi.

Na usalama si wa kupuuza. Mkanda na puli vifunikwe. Waya wa ardhi ufungwe kwenye mwili wa mota. Swichi ya kuzima ikae mahali unapoifikia bila kuvuka kisu. Miwani machoni, lakini glavu, mikono mirefu na leso viwe mbali, kwa sababu chombo kinachozunguka hakijui tofauti ya nguo na kidole. Vumbi la chuma litoe kwa brashi, si kwa mkono.

Hiyo spindeli yako ya kwanza haitakuwa nzuri. Itapiga kelele, na mfereji wake utakuwa na mawimbi. Ifungue, pima tena, kaza nati, rudisha. Ya pili itanyamaza. Ikishanyamaza, andika kwenye kibao cha karakana, kwa herufi kubwa: HAPA TUNACHONGA MFEREJI WA KII. Uone kama wa ng'ambo hawatapanda feri kuja kwako.