Rusizi si "Pori Tupu"

Katika insha zenu za hapa Kinama, bonde la Rusizi ng'ambo ya uwanja wa ndege limeitwa tena "pori tupu". Wengine wameongeza kwamba lilimwe au ligawanywe viwanja, maana Bujumbura imejaa. Kisarufi sentensi hizo ni safi. Ninalolipinga ni neno "tupu".

Mto huo hutoka Ziwa Kivu na kushuka na matope ya nchi tatu: Rwanda, Kongo na yetu. Ufikapo deltani, maji hupunguza mwendo katikati ya matete na mafunjo, tope likatua kabla ya kufika Ziwa Tanganyika, na samaki wakapata mahali pa kutagia na kukuzia watoto wao. Mvua zikizidi, uwanda huo ndio unaopokea maji. Watu wa Gatumba wanalijua hilo kuliko mwalimu yeyote, kwani tangu mwaka 2020 mafuriko yamewatoa majumbani mwao kwa maelfu. Siwalaumu, maskini hujenga anapopata. Nawalaumu wanaotaka kuwapeleka wengine huko huko.

Sehemu iliyo kavu zaidi ina msitu wa mikoma, na majini wamo viboko na mamba, na ndiko alikoonekana yule Gustave aliyevuma hadi ng'ambo. Matete hujenga ua na kuezeka paa. Majani hufumwa mikeka na vikapu. Ajuaye kuhesabu magunia ya mahindi tu haoni lolote hapo!

Hata dola imesitasita. Mwaka 1980 bonde lilihifadhiwa, mwaka 1990 likawa mbuga ya taifa, mwaka 2000 likashushwa hadhi, mwaka 2011 likarudishiwa. Katikati ya panda-shuka hiyo, mwaka 2002, delta iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Na bado ng'ombe huchungwa ndani, na mikoma hukatwa.

Nakiri kwamba hoja ya njaa ni nzito, na kiboko hula mazao na huua watu. Lakini viwanja vikiuzwa, mnunuzi atakuwa yule mwenye njaa?

Juma lijalo mtaiandika upya insha hiyo. Atakaye kutetea kilimo na atetee, ila aeleze kwanza maji ya mwezi wa Aprili atayapeleka wapi.